Kosa la Mstari wa Kwanza

Kompaila, ile programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, haisomi maelezo. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba maneno ambayo mwandishi wa programu huwaachia binadamu wenzake, mashine huyaruka. Kwa hiyo Joanitha alipoona "kosa, mstari wa kwanza" mchana ule, chumbani kwake Kashai, alicheka. Mstari wa kwanza ulikuwa maelezo yenye jina lake tu, kama mwandishi.

Programu hiyo, ya lugha ya C, ndiyo iliyoendesha pampu ya maji kule Kimwani. Kompyuta ya zamani ilikuwa imeungua, na kompaila mpya haikutaka kusikia mtindo wa kizamani wa kulazimisha namba ya aina moja ipokelewe kama ya aina nyingine. Makosa kumi na moja ya namna hiyo alikwisha kuyarekebisha. Kijiji kilikuwa katika siku ya tatu bila maji, na lililobaki ni hili moja.

Akafuta mstari, akauandika upya. Kosa. Chumba kikajaa harufu ya kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani, wakati yeye hata jiko hakuwa amewasha. Nyuma ya kiti, meno yakaanza kusaga.

Akampigia Lameki, fundi mwenzake. "Kompaila inalikataa jina langu, na kuna mtu anatafuna nyuma yangu," alinong'ona.

"Mae! Geuka basi."

"Siwezi."

Lameki naye akashusha sauti. "Joanitha, ile programu uliiandika wewe kweli?"

Alikata simu. Aibu ilimchoma mpaka masikioni, kwa sababu programu aliiandika rafiki yake Mwesiga, na siku alipoimaliza, kibanjani, kwenye shamba la kwao Mwesiga kule Kishanda, waligawana punje mbili za buni moja, kila mmoja akatafuna yake, kama wazee walivyokula omukago, kiapo cha kutosalitiana, wao wakifanya kwa utani. Na Mwesiga alipofariki, matanga hayajaanuliwa, Joanitha akafuta jina la marehemu akaweka lake, akasifiwa, akapewa kazi, na mazishini hakutia mguu, na sasa yale meno yalikuwa yamefika begani, yakisaga polepole, bila haraka yoyote.

Akafuta jina lake. Akaandika: Mwesiga. Makosa: hakuna.

Meno yakanyamaza. Ikabaki kazi ngumu zaidi, nayo ni kusema. Akampigia Mzee Kamala, mwenyekiti wa kamati ya maji Kimwani.

"Shikamoo mzee. Programu iko tayari. Lakini waitu, nisamehe, siyo mimi niliyeiandika."

"Marahaba. Tumeshaambiwa, mwanangu. Mwenyewe yuko hapa kwenye pampu tangu asubuhi. Kijana mpole, anasema ni Mwesiga wa Kishanda."

Joanitha akashika ukuta. "Ana hasira na mimi?"

"Hana. Nimemwambia achukue simu muongee." Mzee akarudisha simu sikioni. "Amekataa. Anasema anaona aibu kwa niaba yako."