Shika Kushoto, Dada

Nilichotaka jioni ile kilikuwa kidogo tu: nifike Rumonge kabla ya giza, nioge, nile samaki, nilale. Mimi ni Mwanahamisi, mwalimu wa jiografia kutoka Ujiji, na nilikuwa nimemtangazia kila mtu shuleni kwamba likizo hii nitaendesha baiskeli mpaka Bujumbura na kurudi. Nilishajisifu mno. Kuishia njiani kungekuwa aibu ya mwaka mzima.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza Burundi. Mpakani Kabonga, ofisa aliyenigongea muhuri alinitazama, akaitazama baiskeli, kisha akanyoosha mkono wake wa kulia.

"Madamu, huku kuendesha iko kulia. Adruwati. Batu ya Tanzania banasahau, halafu banaumia."

Nikacheka. Mtu anayefundisha ramani atashindwa kukumbuka mkono?

Mpaka Nyanza-Lac nilikumbuka. Nilipita katikati ya baiskeli zilizobeba ndizi na mihogo, nikisema amahoro kwa kila aliyenisalimu, na murakoze hata pale ambapo sikuelewa nashukuru nini. Kiswahili chao kilinipita masikioni mbio mbio, nusu Kifaransa, nusu Kirundi. Kufikia saa nane mchana, nilipoondoka mjini, nilikuwa mpweke.

Magari yalikuwa machache kwa sababu petroli ilikuwa adimu. Ziwa lilikuwa kushoto kwangu, jua linashuka upande wa Kongo, na mimi nikawa navutwa huko kidogo kidogo ili nitazame. Miguu ilichoka, akili ikasinzia, mazoea ya maisha yangu yote yakashika usukani.

Ndipo niliposikia kengele.

Kring... kring.

Nyuma yangu, karibu sana. Ikafuata harufu ya mawese, nzito, ya mafuta yaliyoungua.

"Pole na safari, dada."

Kiswahili cha nyumbani. Cha taratibu, cha mtu wa Tabora kabisa. Nilifurahi hadi nikataka kulia.

"Asante, kaka. Umejuaje natoka huko?"

"Unavyoendesha."

Sikumwona vizuri. Alinifuata usawa wa bega la kushoto, na kwa pembe ya jicho niliona dumu la njano limefungwa nyuma ya baiskeli yake. Tulikuwa tunapanda mlima. Mimi nilihema kama mbuzi aliyekimbizwa. Yeye hakuhema kabisa, nami nikaona wivu badala ya kuogopa.

"Utarudi lini Tanzania?" akauliza.

"Mwisho wa mwezi, Mungu akipenda."

"Basi tutarudi wote."

"Haya, kaka, tutarudi wote," nikamjibu, kama mtu anavyojibu maneno ya njiani. Ujinga wangu wote wa siku ile umo katika jibu hilo.

"Na wewe unaelekea wapi?" nikamwuliza.

"Kwa mke wangu. Leo ndiyo siku yangu ya kwanza hapa."

"Hata mimi."

"Najua." Akapiga kengele. "Shika kushoto, dada. Kuna kona mbele."

Wanawake wawili waliokuwa wakishuka na vikapu vya mihogo walisimama. Hawakusalimu. Walinitazama mimi peke yangu, na mmoja akafanya ishara ya msalaba. Nikageuza uso kumwuliza mwenzangu kulikoni.

Nikatazama chini.

Kushoto kwangu hapakuwa na barabara.

Tairi langu lilikuwa linakanyaga ukingo wa lami. Baada ya hapo ni hewa tupu, kisha mawe, kisha maji ya ziwa huko chini.

Kring...

Kengele ilikuwa inalia hukohuko, kwenye hewa.

Lori likachomoza konani bila taa, linateremka, likiwa upande wake halali. Upande niliokuwa mimi.

"Shika kushoto," alininong'oneza, kwa upole mtupu. "Kushoto ndiko salama."

Na mwili wangu ukamtii. Mikono ilibana kushoto kana kwamba ndiyo iliyokuwa na akili. Lori lilinijaa machoni. Kisha sijui kwa nini nikauona mkono wa yule ofisa, umenyooshwa, na nikaitupa baiskeli kulia kwa nguvu zangu zote.

Nilianguka mtaroni upande wa mlima. Lori lilipita likipiga honi. Vumbi likatulia. Barabarani hapakuwa na baiskeli, wala dumu, wala mtu.

Harufu tu... Na sauti, sikioni kabisa, kama ya mtu aliyeumia moyo.

"Mbona umehama, dada?"

Sijui nilifikaje Rumonge. Nilifikia kwa Zipora, fundi cherehani aliyesoma na mwalimu mwenzangu kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora. Alinipokea kwa bashasha, akanipa maji, akanishika mkono wa kushoto kunivuta ndani. Akauachia. Kwenye shati langu, kuanzia begani hadi kiwiko, kulikuwa na doa la mawese.

Alilinusa. Akafunga mlango.

"Alikuwa upande gani?" akauliza kwa kunong'ona.

Nikamwonyesha.

Zipora alikaa kwenye kiti chake cha cherehani.

"Ni Yonasi, mume wangu. Alizaliwa Ulyankulu, akakulia huko, baiskeli alijifunzia huko. Mimi ndiye niliyemsumbua turudi. Nilimwambia huku ndiyo kwetu. Siku ya kwanza tu, nikamtuma mawese ya kupikia." Alijifuta uso kwa kanga. "Alishika kushoto, mwalimu, lori likamgonga. Hakujua kingine."

"Kwa hiyo anaua watu?"

"Anadhani anawasaidia. Anawasikia wanavyoongea, anaona wanavyoendesha, anawahurumia. Wewe ni wa nne. Ila ndiye wa kwanza kufika hapa."

Yeye akaniinamia.

"Kuna kitu alikuomba?"

"Hapana. Aliuliza tu nitarudi lini. Akasema tutarudi wote."

"Ukamjibu nini?"

Nilimwambia. Zipora aliinuka, akaenda kusimama dirishani, akinipa mgongo.

"Hakutaka kamwe kutoka kule," alisema.

Sikufika Bujumbura. Shati nililiacha Rumonge, na Zipora alilichoma mbele yangu. Nilirudi kwa basi mchana kweupe, baiskeli imefungwa juu, na tulipovuka mpaka, dereva akahamia kushoto, nikamshukuru Mungu. Wenzangu shuleni wamenicheka vya kutosha. Nimewaacha wacheke.

Wiki ya kwanza palikuwa kimya.

Wiki ya pili nilianza kusikia harufu nikitoka shule jioni. Kigoma kila jiko lina mawese, nikajiambia. Kisha ikaja kengele, mbali nyuma yangu. Kesho yake ikawa karibu zaidi. Haina haraka. Hapa hakuna anayemgonga, hapa kushoto ndiko kwake, na sheria inanitaka nami niwe hukohuko. Kwenye barabara ya Rumonge niliokoka kwa kuhamia kulia. Hapa nihamie wapi?

Jana, kwenye barabara ya Ujiji, nilihisi baridi kwenye mkono wa kushoto, kuanzia begani hadi kiwiko.

"Tumefika, dada," alisema. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Mikono yangu ikafanya ilichojifunza Burundi. Ikaitupa baiskeli kulia.

Nilisikia breki, nikaona bampa ya lori, nikaona lami. Leo naandika nikiwa na mkono mmoja kwenye plasta. Dereva alishuka, akaniuliza naendesha upande gani, kama nina wazimu. Nilikuwa nasikiliza upande mwingine, ukingoni mwa barabara, ambako mtu alikuwa ananiita kwa masikitiko.

"Mbona umehama tena?"