Aliyesaini Nyuma ya Picha Yangu ya Leseni

Taa za buluu ziliwaka nyuma yangu, nikajua papo hapo kwamba Shane kanipata...

Msinicheke. Najua polisi ni polisi na Shane ni Shane. Lakini ukishaishi na mwanaume wa aina ile, kila kinachokujia kwa nyuma ni yeye tu.

Nikaegesha kando ya barabara, hapa Maryport, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Uingereza, mvua ya manyunyu ikinyesha. Nilishindwa hata kushusha kioo. Askari ikabidi afungue mlango mwenyewe.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Taa yangu moja ya breki ilikuwa imeungua, basi. Akaomba leseni. Akaitazama, akanitazama usoni, akaitazama tena.

"Corinne ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Dada, picha hii imekwisha muda tangu mwaka jana."

Nikabisha. Leseni yangu inaishia nikifika miaka sabini, imeandikwa nyuma kabisa! Akatabasamu bila kunicheka. Akasema ruhusa ya kuendesha ndiyo inafika sabini, ila picha inakufa kila baada ya miaka kumi, na tarehe yake iko mbele, kwa herufi ndogo za kutafutia miwani. Watu wengi anaowasimamisha hulia kilio hichohicho.

Kisha akauliza kitu kingine.

"Na anuani hii ya Hull, bado unakaa huko?"

Hapana. Nilitoka Hull na mfuko mmoja wa nguo, na sikumwambia mtu ninakokwenda. Hata ofisi ya leseni sikuiambia. Niliogopa kuandika mtaa wangu mpya mahali popote pale.

Akanieleza kwamba picha iliyokufa ina faini yake na anuani ya uongo ina yake, na zote mbili zinaweza kunimaliza. Leo ananiachia. Nishughulikie haraka.

Haraka, anasema. Ngoja niwasimulie hiyo haraka ilivyokuwa.

Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani. Nazunguka na kigari changu vijiji vya juu huko, huyu namwogesha, yule namkorogea uji, mwingine namsikiliza tu maana watoto wake wako Australia. Bila gari hakuna kazi. Bosi wangu Heather aliposikia habari ya leseni alishika kichwa. Akasema hana ubaya na mimi, ila bima ya kampuni haikubali, nikae nyumbani mpaka kadi mpya ije, na mwisho wa mwezi ikiwa haijaja atampa mtu mwingine wazee wangu.

Kazi ikienda, chumba kinaenda. Chumba kikienda, paa pekee linalonijua duniani liko Hull. Hapo ndipo nilipokuwa nimebanwa, mpendwa msomaji.

Nikashika simu, nikatafuta mahali pa kuhuisha leseni, nikabonyeza jina la kwanza lililotokea. Nikalipa pauni sabini. Kumbe ni wajanja wamejibandika juu ya tovuti ya serikali kama kupe, hela yote ni "ada ya kukukagulia". Ya serikali yenyewe ni pauni kumi na nne! Nilijitukana siku nzima.

Nikaingia ya serikali. Ikataka namba ya pasipoti ili ivute picha yangu huko. Pasipoti yangu Shane aliichoma bustanini, kwenye jiko la nyama, akiwa anageuza soseji.

Nikaenda posta. Pale kuna kibanda cha picha, unakaa, pazia, kioo mbele yako.

Mashine ikasema: tafadhali usitabasamu.

Nikatulia. Nikajaribu tena.

Tafadhali usitabasamu.

Nikajaribu mara ya tatu, na sauti ileile ya upole ikaniambia vilevile, nikaanza kulia humo ndani ya pazia. Kwa sababu sikuwa natabasamu, jamani. Taya langu liliungwa vibaya. Upande wa kushoto mdomo umepanda juu, na hata nikiwa msibani naonekana nimefurahi.

Hiyo ndiyo zawadi ya Shane. Nilipomkimbia mara ya kwanza nilijificha Doncaster, na mtu mmoja tu alijua, shoga yangu Dawn, niliyekua naye. Wiki haikupita, Shane akabisha hodi. Hospitali niliwaambia nimeanguka ngazini. Shane naye akawaambia watu wote nimeanguka ngazini. Akanirudisha Hull, na nilipoweza kusimama nikapanda treni ya mbali zaidi.

Mzee Tinnion wa posta alisikia kilio changu akatoka kaunta yake. Akanipiga picha mwenyewe, mbele ya ukuta mweupe. Akanipa fomu ya karatasi ya kutuma kwa barua. Kisha akakuna kichwa. Kwa kuwa sura imebadilika, akasema, anatakiwa mtu aandike nyuma ya picha kwa mkono wake kwamba huyu ni mimi kweli. Awe ananijua miaka miwili au zaidi. Asiwe ndugu. Na asiwe anaishi nyumba moja na mimi.

Nikamwomba asaini yeye.

"Ningesaini, mwanangu. Lakini nakujua tangu juzi tu."

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani na koti langu. Nani ananijua? Mama alishakufa. Marafiki Shane aliwamaliza mmoja mmoja, huyu ana wivu, yule ana mdomo. Aliniachia Dawn peke yake, na sasa naelewa kwa nini.

Siku mbili nilizunguka na namba ya Dawn kichwani. Kisha nikaficha namba yangu, nikapiga.

Alipokea haraka. Nikamweleza shida. Upande wa pili palikuwa kimya kiasi kwamba nikasikia saa ya ukutani. Halafu Dawn akasema sawa, atakuja, tukutane Leeds stesheni, na akakata bila kuniuliza hata hali.

Nikajiambia ni aibu. Mtu aliyekuuza atakuulizaje hali?

Leeds nilichagua mgahawa wa ndani ya stesheni, meza ya ukutani, penye kamera na watu. Nikaagiza chai. Kila mwanaume mwenye mabega mapana aliyepita, nilimfuata kwa macho mpaka akapotea.

Dawn akaja peke yake, kajifunga skafu mpaka puani. Akakaa. Akaangalia uso wangu kwa mara ya kwanza tangu Doncaster, machozi yakamtoka, na mimi nikafurahi, nisiwadanganye. Nilitaka aone.

Kisha akafungua skafu.

Jamani...

Mdomo wake upande wa kushoto ulikuwa umepanda juu.

Tulikaa pale, wanawake wawili tunatabasamiana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatabasamu.

Akaniambia yote kwa sauti ya chini. Shane alikuja mlangoni kwake analia. Mtu mzima, kapiga magoti kwenye zulia, anataka kumwomba mkewe msamaha tu. Dawn akampa chai, akampa biskuti, akampa anuani ya Doncaster. Baadaye akaja tena analia, mke kaanguka ngazini, mke kamkimbia, hana mtu. Akapewa chai tena. Safari hiyo hakuondoka.

"Na mimi nilianguka ngazini," Dawn akasema. "Tunaishi nyumba isiyo na ngazi, shoga'angu."

Nilikuwa nimebeba maneno ya kumtukana tangu nilipopanda treni Carlisle. Yaliniishia mdomoni.

Nikasukuma fomu na picha mbele yake. Akachukua kalamu, akajaza jina lake, akageuza picha. Akaandika neno la kwanza.

Hapo simu yake ikatikisika juu ya meza, katikati yetu. Niliisoma ikiwa imenigeukia juu chini.

Umepata anapokaa?

Nikaweka kikombe chini. Nikaishika fomu. Anuani yangu ilikuwa juu pale, wazi, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule.

"Anajua uko hapa?"

"Ndiye aliyenikatia tiketi."

Siku niliyopiga simu, Shane alikuwa amekaa pembeni yake. Kile kimya nilichokisikia, Dawn alikuwa anasubiri Shane atikise kichwa kukubali. Sasa hivi yuko kazini, bohari ya vipuri, lakini anaiona simu ya Dawn kwenye ramani ya simu yake, kidoti kinachotembea. Kidoti kikienda kusikotakiwa anajua. Kikichelewa anajua.

"Umeshaisoma anuani?"

"Nimeisoma."

"Utamwambia?"

Dawn aliifikiria kweli. Ndicho kitu ambacho mpaka leo namheshimia.

"Hapa naweza kukuapia sitasema," akasema. "Lakini nikifika nyumbani nitasema, Corinne. Najijua."

Wewe ungefanyaje hapo? Niambie kwenye maoni. Ungenyakua fomu ukakimbia? Mguu wangu mmoja ulishatoka chini ya meza. Ningekimbia, ningehama tena, ningeanza mji mwingine usionijua, na yeye angerudi mikono mitupu kwa yule mtu. Nilimtazama ule mdomo. Nilikuwa nautazama wangu.

"Basi usifike nyumbani."

Hakuelewa. Nikamwambia nina kitanda kimoja na sofa moja, na mji una upepo, na wazee wangu ni wakorofi lakini hawapigi mtu.

Akaitazama fomu, akawa mnyonge.

"Hapa wameandika anayesaini asiwe anaishi na mwombaji."

"Leo huishi na mimi. Saini kwanza."

Akasaini. Nyuma ya picha: hii ni sura halisi ya Corinne Blenkin. Aliandika polepole, kila herufi inasomeka.

Tukaenda kwenye treni ya Hull. Dawn akapanda kama abiria mwingine yeyote, akaketi, akaisukuma simu yake kati ya kiti na ukuta, akashuka kwa mlango wa pili. Treni ikaondoka nayo. Tukapanda yetu ya kwenda Carlisle.

Njia nzima alikaa ameegemea dirisha. Nje ni milima na kondoo. Nilidhani amelala, kumbe anaongea peke yake, polepole, anahesabu vituo vya ile treni ya Hull iliyobeba simu yake.

"Sasa hivi niko Selby."

Nikamshika mkono.

"Sasa niko Brough. Shane ameanza kuvaa koti."

Baadaye akasema, "Sasa nimefika. Anasimama mlangoni ananingoja."  Hakusema neno tena mpaka tunashuka, na mimi sikumuuliza anaona nini.

Kadi yangu ilikuja kabla ya mwisho wa mwezi. Wazee wangu nikarudishiwa. Picha mbaya kweli, nimepinda mdomo kama ninayejua siri ya mtu, lakini ni halali kwa miaka kumi. Dawn alipata kazi ya jikoni kwenye nyumba ya wazee. Polisi tumekwenda sote wawili, na hakuna aliyetaja ngazi. Shane hawajamkamata. Alihama ile nyumba na hakuna anayejua aliko. Kwa hiyo kila mlango ukigongwa tunatazamana, na anayekuwa karibu na jiko anashika kitu.

Nilidhani hadithi inaishia hapo.

Wiki iliyopita Dawn alitoa leseni yake kwenye pochi, anataka kujifunza njia za vijijini ili anisaidie mzunguko. Nikamwambia aangalie tarehe ya mbele, si ya nyuma. Imekwisha. Anacheka kwenye ile picha, kidevu kimenyooka, msichana mzuri.

Akaniambia basi mimi nitamsainia, kama yeye alivyonisainia.

Nikaitazama ile picha tena.

Siwezi. Tunaishi nyumba moja. Na mtu mwingine aliyeijua sura yake ya zamani, akaijua na hii ya sasa, anayeweza kuapa kwamba ni mwanamke huyohuyo... yuko mmoja tu.

Dawn alilielewa hilo bila mimi kulisema. Aliirudisha leseni kwenye pochi, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa.

Mwanaume akija mlangoni kwako analia, anamtafuta mkewe, mpe kiti. Mpe chai, mpe na biskuti ukitaka. Anuani usimpe. Na wewe uliyeanguka ngazini, sema ni ngazi gani, sema leo, kabla hajaenda kulia kwenye mlango wa mwanamke mwingine.