Sebule Yenye Sura Mbili

— Fundi, hiki ni nini?

— Ukuta, shemeji.

— Ukuta naujua. Nakuuliza umeufanya nini!

Fundi seremala alishuka kwenye ngazi, akachomeka penseli nyuma ya sikio, akautazama ukuta kana kwamba na yeye ndiyo kwanza anauona. Kuanzia mlangoni hadi katikati ya sebule zilipangwa mbao nyeupe, hazikupigwa msasa, mafundo yote yanaonekana. Kuanzia katikati hadi dirishani zilipangwa mbao za kahawia zilizopigwa randa na kupakwa vanishi, mpaka mtu angeweza kujitazama humo na kunyoa ndevu. Juu yake ulipita mstari wa rangi ya dhahabu.

Mwalimu alikuwa ametoka kusimamia mtihani wa Jumamosi, begi bado liko begani. Kwa miezi miwili alikuwa akikusanya kwenye simu picha za sebule za nyumba za shamba: kuta za mbao nyeupe, boriti nzito darini, makochi ya kitambaa cha katani, meza kubwa yenye makovu ya visu. Yeye alizaliwa na kukulia ghorofa ya tatu. Shamba alilijua kwa picha, na picha zilikuwa zimemwingia damuni.

— Nimefuata maagizo ya mumeo, alisema fundi. Ya Jumatatu na ya Jumatano.

— Yapi hayo?

Fundi akampa simu yake. Ujumbe wa Jumatatu ulisema: "Fundi, fanya kama mke wangu alivyosema. Mbao nyeupe, zisipigwe msasa." Wa Jumatano: "Fundi, fanya kama Mama alivyosema. Vanishi ya kung'aa, juu weka dhahabu." Chini yake fundi alikuwa ameuliza: "Kaka, nifuate lipi?"

Jibu lilikuwa: "Yote sawa."

— Njia mbili zilimshinda fisi, shemeji, alisema fundi. Mimi nikaona nigawanye.

Mwalimu alicheka, kicheko cha mtu ambaye maji yamemfika shingoni. Mumewe alikuwa na jina alilopewa na wazazi, lakini kuanzia kwenye duka la dawa anakofanya kazi hadi kwenye ukoo mzima aliitwa Bwana Sawa. Ukimwambia twende, sawa. Ukimwambia tubaki, sawa. Watu walimpenda kwa hilo. Kuishi naye lilikuwa jambo jingine.

Akamwandikia: "Njoo nyumbani sasa hivi."

"Kuna nini mke wangu?"

"Sebule yako ina sura mbili kama mwenyewe."

"Sawa, nakuja."

Kabla hajafika, pikapu ilipiga honi nje. Mama mkwe akashuka, akitoa amri kwa mikono yote miwili, na nyuma ya gari kulikuwa na seti ya makochi mekundu yenye miguu ya dhahabu, yamevikwa nailoni.

— Mwalimu, hujambo mwanangu? Fundi, usisimame kama nguzo, shika huko!

— Shikamoo mama. Makochi haya ni ya nani?

— Ya kwenu! Nilimpigia mwanangu, nikamwambia nawaletea makochi. Akasema sawa.

— Bila shaka alisema hivyo, alijibu Mwalimu, akauma meno.

Mama mkwe aliingia ndani, akaugusa ukuta wa vanishi, uso ukachanua.

— Eeh, upande huu umependeza! Na huu mweupe, mbona hamjaumaliza?

— Umekwisha, mama. Ndivyo unavyotakiwa uwe. Ni mtindo wa nyumba ya shamba.

— Mtindo wa banda la kuku, mwanangu.

Mkwe hajibiwi. Anayejibiwa alikuwa ndiyo anaingia mlangoni, koti jeupe la dukani bado mwilini, anatabasamu kumridhisha kila mtu.

— Mume wangu, keti.

— Sawa.

— Usiketi!

— Sawa.

Fundi akageukia ukuta, mabega yakawa yanamtikisika kwa kicheko.

— Nina swali moja tu, alisema Mwalimu. Wewe unataka sebule gani?

— Yoyote mtakayokubaliana wewe na Mama...

— Sikukuuliza mimi na mama tunataka nini! Wewe! Mwenye miguu hiyo, mwenye kichwa hicho! Unauma na kupuliza, ukinigeukia mimi sawa, ukimgeukia mama sawa. Umetuchonganisha mpaka ukuta umechanika katikati!

— Mwalimu, taratibu, alisema mama mkwe.

— Niwie radhi mama, leo nitasema. Si ukuta unaoniuma.

Sauti yake ilibadilika, na hata fundi akaacha kucheka.

— Miaka minne iliyopita, mimi na wewe tumejibanza kituoni mvua inanyesha, nilikwambia, basi tuoane. Mimi ndiye niliyesema. Unakumbuka ulinijibu nini?

Bwana Sawa aliinamisha kichwa.

— Ulisema sawa. Nikafurahi kama mjinga. Leo natazama ukuta huu, najiuliza, je, na mimi uliniitikia tu? Angesimama mwanamke mwingine pale kituoni akasema tuoane, si ungemjibu vilevile?

— Mke wangu...

— Nataka kusikia neno lililotoka ndani yako, hata moja. Nisipolisikia leo, naenda kwa dada yangu, na huku sirudi. Siwezi kuzeeka na mwangwi.

Bwana Sawa alisogea hadi kwenye mbao nyeupe, akapitisha kiganja juu yake. Ghafla akakivuta, akakitazama. Kibanzi kilikuwa kimemwingia kidoleni.

— Hapana, alisema.

— Hapana nini?

— Mbao hizi. Sizitaki.

Mwalimu alihisi kama amepigwa kofi. Alikuwa ameomba ukweli, nao ukweli ulikuwa umeanzia kwake.

— Nimekulia ndani ya hizo picha zako, aliendelea mumewe, na maneno yalimtoka kwa shida, kama mlango wenye kutu. Nyumba ya mbao zisizopigwa randa, katikati ya shamba. Shamba lenyewe la watu. Kila Jumapili Mama alinilaza mapajani, akinitoa vibanzi mgongoni kwa sindano. Niliapa nikiwa na ukuta wangu, nitauegemea bila shati.

— Mbona hukuniambia?

— Kila jioni ulikuwa unanionyesha picha, macho yanakung'aa. Nikasema nitazoea.

— Mficha uchi hazai, wewe mwanaume! Miezi miwili umeninyamazia!

— Si nilisema! alidakia mama mkwe. Fundi, chukua vanishi umalizie...

— Na wewe Mama, hapana.

Mama mkwe akageuka polepole.

— Umeniambia nini?

— Nashukuru kwa makochi, lakini siyataki. Wala hiyo dhahabu. Hapa si ukumbi wa sherehe. Nataka kukaa na mke wangu bila kuogopa kuchafua kitu.

Mama mkwe aliketi kwenye kochi lililokuwa limeshaingizwa, nailoni ikalia chini yake.

— Haya, alisema. Hii ni mara ya pili maishani unanikatalia.

— Mara ya pili? aliuliza Mwalimu. Ya kwanza ilikuwa lini?

— Mama, yaishe, alisema Bwana Sawa, na masikio yake yakaanza kuwaka.

— Hayaishi! Si umejifunza kusema leo? Basi na mimi nitasema. Mwalimu, nilikuwa nimemtafutia mchumba. Binti wa rafiki yangu, mtoto mzuri, wazazi nimeshaongea nao, nguo nimeshashona. Huyu, aliyeniitikia kila kitu tangu anajifunza kutembea, akanitazama usoni, akasema, hapana Mama. Kuna mwalimu mmoja anakuja dukani kununua dawa ya kikohozi. Nikamuuliza, mmeshakubaliana? Akanijibu, hata jina langu halijui. Wiki tatu sikusema naye!

Mwalimu alishusha begi chini. Lilikuwa begani muda wote huo.

— Sikuwa na kikohozi, alisema kwa sauti ndogo.

— Najua, alijibu mumewe. Ndiyo maana nilikuwa nakupa ya watoto.

Mwalimu alitaka kuendelea kukasirika. Hasira alikuwa nayo bado, tena nyingi, ila haikujua tena imwangukie nani. Akamshika mumewe mkono, akakileta kidole mwangani, akakitoa kibanzi kwa kucha zake.

— Miaka minne, alisema. Umekaa na neno hilo tumboni miaka minne, mimi nahangaika na sawa zako!

— Hukuniuliza.

— Usinichokoze!

Fundi akakohoa.

— Samahanini. Hizi mbao nizing'oe zote, au nizigawe tena?

— Ukuta wote uwe mweupe, alisema Bwana Sawa, na wote wakamtazama. Rangi naipenda. Ila upige randa, upige msasa, mpaka mtoto aweze kuuegemeza shavu. Na pale dirishani nataka benchi refu la mbao. Kule kwetu lilikuwepo moja, nilikuwa nasomea mvua ikinyesha. Ndicho kitu pekee nilichokipenda katika nyumba ile.

Mama mkwe akafuta jicho kwa pembe ya mtandio.

— Lilikuwa la baba yake, alisema. Mbao hiyo aliipiga randa yeye mwenyewe. Basi pakieni makochi yangu, nitayakalia kwangu.

Sebule ilikwisha baada ya wiki tatu. Siku ya mwisho, Mwalimu akiwa katika chumba cha walimu anasahihisha madaftari, simu ilitetemeka.

"Mke wangu, mapazia ya kijani hapana."

Kabla hajajibu, ikaja nyingine: "Na taa ishushwe kidogo, inaniumiza macho." Kisha nyingine: "Mto wa benchi nataka wa bluu, si ule wenye maua." Kisha: "Na ile meza nimeisogeza."

Mwalimu aliweka kalamu chini, akashusha pumzi. Mwalimu mwenzake akamuuliza:

— Vipi, mbona hivyo? Kuna tatizo nyumbani?

— Mume wangu amepata mdomo.

Akaichukua simu, akatabasamu peke yake, akaandika:

"Sawa."