Choya Ndani ya Shaba

Kila asubuhi, kabla jua halijakolea juu ya Nile, Nabra aliloweka choya, yale maua mekundu makavu tunayoyaita karkade. Aliiloweka kwa maji baridi ndani ya mtungi wa udongo. Bibi yake, Hanuma, aliinywa kila siku, na hakuna mgeni aliyetoka nyumbani kwao bila bilauri moja.

Siku ya hina ya shangazi Dahiba, wageni walikuwa wengi na mtungi ulikuwa mdogo.

"Loweka kidogo kidogo," bibi alisema. "Ile sufuria yangu ya shaba iache ukutani. Bati lililopakwa ndani limechubuka lote."

"Sawa, bibi."

Lakini Nabra alitaka kuwahi kupakwa hina. Bibi alipotoka tu, aliishusha sufuria, akaloweka choya yote kwa mkupuo.

Alasiri aliifunua. Shaba iliyokuwa nyeusi sasa iling'aa mpaka pale choya ilipofika, kama iliyolambwa. Alionja. Ladha ilikuwa ya sarafu mdomoni. Aliogopa sana, lakini badala ya kusema, alimimina sukari, akakoroga, akamimina tena.

"We Nabra, unataka kututia kisukari?" binamu yake Zuhra alimtania.

"Nyamaza, beba bilauri!"

Ngoma zilikuwa zimeanza uani. Mara Samha, mdogo wake Nabra, akaja amejikunja, midomo myekundu. Alikuwa ameiba kikombe kizima.

"Dada, tumbo," alisema, akatapika.

Nabra aligeuka. Dahiba, mikono imejaa hina mbichi, alikuwa akinyweshwa na Zuhra. Bilauri ya kwanza ilishafika mdomoni.

"Msinywe!" Nabra alipiga kelele. "Nimeloweka kwenye shaba!"

Ngoma zilinyamaza. Zuhra aliishusha bilauri, na bibi akaimwaga sufuria nzima mchangani mbele ya wageni wote. Samha alikimbizwa zahanati kwa boti, na Nabra alilia ufukweni hadi boti iliporudi, mdogo wake akiwa amelala salama kifuani mwa mama.

Bibi Hanuma aliketi kando yake.

"Choya ni kali, mjukuu wangu. Hula shaba, na shaba hiyo huwa sumu. Uvivu wako ningeusamehe mara moja. Lakini ile sukari? Sumu yenye ladha mbaya watu huitema. Wewe uliitia utamu ili waimeze. Kosa likishatendeka, liseme likiwa bado chungu."