Maneno ya Keyan Kinywani mwa Munyao

Munyao alipiga goti mbele ya wageni wote, akamshika Lorraine mkono, akasema...

"Hata wakinivua taji, kichwa hiki kitakujua wewe tu kama malkia wake."

Sebule ikajaa vigelegele.

Mukami alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na treya ya soda. Maneno hayo aliyajua vizuri. Aliyaandika yeye.

Na goti lenyewe, jamani, alidhani lingepigwa mbele yake.

Hakulia. Hakuangusha treya. Alizunguka akigawa soda, akimuuliza kila mgeni kama anataka baridi ama moto. Alipofika kwa Munyao akampa yake na opena ya kufungulia. Munyao akainama kuangalia kifuniko, akakiangalia kama kina habari.

Ngoja niwape hii hadithi kutoka mwanzo.

Mukami alilelewa mtaa wa Kayole kwa anti yake, Wakiuru, pamoja na binamu yake Lorraine. Walilala chumba kimoja toka wakiwa wasichana wadogo.

Ugonjwa wa Mukami ulikuwa vitabu. Kuna mzee hutandaza vitabu vya mitumba juu ya gunia kando ya Jogoo Road, na Mukami alikuwa akichagua vile vyenye taji na jambia kwenye jalada. Msichana wa kawaida anagundua yeye ni mrithi wa kiti cha enzi. Mwana wa mfalme anamchukia, halafu anampenda, halafu vita. Alivisoma mpaka akachoka na zile falme zao za theluji, akaanza kuandika ufalme wake mwenyewe kwenye simu.

Akauita Tavira, nchi ya wachimba chumvi. Binti mfalme alikuwa Sirua. Keyan, mwana wa mfalme adui, aliingia ikuluni akijifanya mtunza farasi. Huyo Keyan alikuwa na ulimi wa asali. Kila neno ambalo Mukami alitamani kuambiwa, alilitia kinywani mwake.

Kila sura ikiisha, alimtumia mtu mmoja tu. Munyao.

Munyao alifanya kazi kwenye kiwanda cha beseni za plastiki kule Baba Dogo. Walijuana kwaya ya kanisa na wakapendana kwa siri, maana Anti Wakiuru hakutaka kusikia habari za wanaume nyumbani kwake. Munyao alipokuja kuwatembelea, alikuja kama mwanakwaya. Anti alimpenda. Lorraine ndiye alikuwa akimpakulia chakula.

Akisoma sura, jibu la Munyao lilikuwa lile lile: "Iko poa. Leta ingine." Mukami alilala na hayo akatosheka.

Halafu wiki moja anti akatangaza kwamba watu wa Munyao wanakuja Jumamosi kumuona msichana wa nyumba hii. Mukami akaenda kusuka. Munyao alikuwa hashiki simu, anaandika tu kwamba kazi imembana, naye Mukami akasema moyoni, ananifichia... anataka nishtuke.

Alishtuka.

Jioni hiyo aliosha vyombo vyote peke yake. Unajua vile mdomo unakuwa ukitoka kung'olewa jino? Unaugusa, unajua ni wako, lakini huusikii. Hivyo ndivyo Mukami alivyokuwa, mwili mzima.

Jumatatu alimsubiri Munyao nje ya kiwanda. Munyao hakukataa kitu. Alisema pole, kisha akasema kwamba akiwa na Mukami alijiona kama mlango tu. Mukami alikuwa akichungulia nyuma yake kuona kama Keyan anakuja. Lorraine, kwa upande wake, alimuangalia yeye.

Mukami alirudi Kayole kwa miguu.

Mukami hakumwambia Lorraine kitu. Alimuonea huruma. Aliamini binamu yake amedanganywa kwa maneno ya kuibiwa, na akaona ukweli utamvunja bure. Akafunga mdomo, akahamia mtaa wa Mbotela kwa rafiki yake Nzilani aliyekuwa na saluni. Asubuhi alifagia nywele. Mchana alitundika sura za Tavira kwenye Facebook kwa jina lake mwenyewe. Watu wakaanza kufuatilia, wakawa wanalia kwenye komenti. Yeye alisoma vilio vyao kama mtu anayesoma bei za nyanya.

Harusi ilipita. Alisema anaumwa, na hakuna aliyeuliza anaumwa wapi.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, Lorraine akatokea saluni, mwavuli mkononi, amekonda. Mukami, aliyekuwa ameshajifunza kazi, alikuwa akimchana mteja. Lorraine alikaa kwenye kiti cha wanaongoja akazunguka zunguka na mazungumzo, mpaka akafika alikokuwa akielekea. Munyao amenyamaza. Tangu harusi hajamwambia neno tamu hata moja. Anatoka kazini, anauliza kama amekula, analala.

Mukami akaona siku ya ukweli imefika. Akaweka kitana chini.

"Lorraine, yale maneno hayakuwa yake."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilijua toka mwanzo. Ulikuwa ukilala naichukua simu yako nasoma kabla hujamtumia. Mimi ndio nilimwambia aniambie kama Keyan. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniita malkia, Mukami. Wewe ulikuwa unaandika hizo vitu kama maji."

Mukami alingoja hasira ije. Haikuja.

Lorraine akasogea karibu, akashusha sauti.

"Muandikie tu kidogo. Umtumie aniambie. Sitasema kwa mtu."

Mukami akatikisa kichwa.

"Hiyo ya kuuliza kama umekula ndiyo yake," alisema. "Hata mimi alikuwa ananiuliza kila siku, nikaona si kitu. Akikuuliza leo, mjibu."

Lorraine alifungua mwavuli akaondoka bila kuaga. Mukami akaokota kitana, akaendelea na kichwa cha mteja.

Wapenzi wasomaji, maneno ya mapenzi si sufuria, eti utaazima kwa jirani upike kwako. Mwache mtu aongee yake, hata yakiwa mafupi na hayana chumvi. Angalau utajua umeolewa na nani.