Mchezo Ulioachwa Katikati

Fundi umeme huyu alioa kwetu, ndiyo maana habari zake tunazo. Nyingine alizisema mwenyewe kabla hajaacha kusema, nyingine kazisimulia mkewe, na zile za ukumbini tuliziona wengi kwa macho yetu. Watu walimwita Fyuzi, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Alikuwa hakawii kuungua. Neno dogo tu, tayari kalipuka, na muda si muda utamkuta anacheka na yule yule aliyemgombeza.

Kilichomtuliza kilikuwa kimoja, nacho ni chesi. Kila mwaka mtaa uliandaa mashindano kwenye ukumbi wa maktaba, na kila mwaka Fyuzi alitolewa na mtu yule yule, karani wa mahakama, bwana mmoja mwembamba asiyevua tai hata jua liwake vipi. Karani akishashinda, alikuwa anampangia kete zake ndani ya boksi, taratibu, kisha anamwambia, "Pole sana fundi. Tuonane mwakani." Hiyo "mwakani" ndiyo iliyokuwa inamchoma roho.

Basi mwaka huo akaapa kwamba liwalo na liwe. Akirudi kazini, bao mezani. Akila, jicho kwenye bao. Mkewe, aliyekuwa fundi cherehani na chumba chake cha kazi kilikuwa hapo hapo nyumbani, akamwambia siku moja, "Baba Chiriku, ungekuwa unanitazama mimi hivyo unavyolitazama hilo bao, ningekuwa nimeshanenepa."

"Wewe nimeshakushinda zamani," Fyuzi akajibu, na binti yao akacheka mpaka chai ikampalia. Huyo binti ndiye Chiriku, mtoto wao wa pekee, na jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukuwa na swichi.

Asubuhi moja, siku ya kawaida kabisa, Fyuzi aliitwa hospitali. Jokofu la mochwari lilikuwa linanguruma bila kupoza. Alifungua, akapima, akakuta waya umeliwa na kutu, akaubadilisha. Kazi ndogo. Alipotoka chumba cha baridi akifuta mikono, akaona kwenye meza ya mhudumu bao la chesi, limepangwa tayari.

Mhudumu huyo alikuwa mzee mpole aliyeitwa Baridi. Watu walikuwa wanakwepa kumpa mkono, naye alishazoea, mikono yake alikuwa anaiweka nyuma.

"Kumbe unacheza, mzee wangu?" Fyuzi akauliza.

"Nasogeza tu," Baridi akasema. "Kaa."

Fyuzi alikaa, akapigwa. Akaomba tena, akapigwa vibaya zaidi. Hakuwahi kukutana na uchezaji wa namna ile. Haukuwa na haraka wala hasira. Ulikuwa unakuzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe, mpaka unashtuka huna pa kukanyagia. Hapo hapo akajua amepata mwalimu. Karani mwaka huu atanikoma, akawaza.

Akawa anapita mochwari kila alasiri akitoka kazini. Mkewe hakupenda, ila hakusema sana, kwa sababu mumewe alikuwa anarudi na furaha. Na kweli alipanda. Kwenye kibanda cha chai, watu waliokuwa wanamtoa jasho zamani sasa aliwamaliza kikombe hakijapoa.

Ila kulikuwa na jambo. Kabla ya kusogeza kete, Baridi alikuwa anainamisha kichwa kidogo, sikio upande wa mlango wa chuma wa chumba cha baridi. Anatulia. Kisha anatikisa kichwa, kama mtu aliyeelewa, ndipo anasogeza. Mwanzoni Fyuzi alidhani ni uzee, au sikio moja bovu. Siku moja akashindwa kuvumilia.

"Mzee, unasikiliza nini?"

Baridi hakumtazama. "Nilikuambia mimi nasogeza tu," akanong'ona. "Anayecheza yumo humo. Hana ndugu. Hakuna aliyekuja kumchukua. Usiniulize jina, maana hana hata hilo."

Fyuzi akacheka. Akacheka peke yake. Jokofu lilikuwa limenyamaza, na katika ule ukimya akasikia kitu kama kucha ikigonga bati kwa ndani. Mara moja tu.

Mtu mwingine angekimbia. Fyuzi alitazama bao, akaona amebakiwa na nafasi nzuri, akasogeza ngome yake.

Hapo ndipo alipojifunga.

Siku chache kabla ya mashindano, wakiwa katikati ya mchezo, lori la manispaa likaja kuchukua maiti zisizo na wenyewe zikazikwe. Vijana wakaingia na machela, wakatoka nayo imefunikwa shuka. Ilipopita karibu na meza, shuka lote lilikuwa limetulia, isipokuwa pale ulipokuwa mkono. Baridi alisimama akaegemea ukuta. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo akagundua kwamba mgongo umeshavunjika.

"Tumeuacha katikati," akasema.

"Si basi, mzee? Acha akazikwe apumzike."

"Nenda nyumbani, fundi. Na mchezo huu usiupange popote. Umenisikia? Popote."

Lakini mchezaji ni mchezaji. Mchezo ule ulikuwa kichwani mwake, kila kete mahali pake, na ulikuwa mchezo ambao kwa mara ya kwanza aliona anaweza kushinda. Alipofika nyumbani akaupanga juu ya meza ya chakula, apate kuuchambua tu. Akamaliza kupanga, akaenda kunawa. Aliporudi, farasi mweusi alikuwa amehama.

Chiriku alikuwa amekaa kiti cha pili, miguu inaning'inia.

"Nani kakwambia ushike kete zangu?"

"Babu," mtoto akajibu.

"Babu gani?"

Mtoto akainamisha kichwa, sikio upande wa mlango wa nyuma. Akatulia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Anasema zamu yako."

Fyuzi akazikusanya kete zote kwa mkono, akazitupa kwenye boksi, akalifungia kabatini. Asubuhi bao lilikuwa mezani, mchezo ule ule, kila kete mahali pake. Chiriku alikuwa amekaa mbele yake na sare ya shule. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Mama yake alipomshika mkono akauachia kwa mshtuko. Ulikuwa baridi kama nyama iliyotoka kwenye friza.

Na tangu siku hiyo Chiriku akaacha kuongea.

Fyuzi akaona njia ni moja, ashindwe, yaishe. Akampeleka malkia wake mdomoni kabisa mwa farasi mweusi. Mtoto akasikiliza, akasogeza, na farasi akaruka pembeni, akamwacha malkia. Akamfungulia mfalme wake milango yote. Yule wa upande wa pili akarudi nyuma. Akamlaza mfalme ubaoni, ishara ya kukubali kushindwa, akatoka nje kuvuta pumzi. Aliporudi, mfalme alikuwa amesimama.

Ndipo alipoelewa. Yule hakutaka kushinda. Alikuwa amelala peke yake muda mrefu mno bila mtu wa kumwita jina. Alitaka mchezo usiishe.

Akamkimbilia Baridi nyumbani kwake. Alimkuta amekaa uani, mzee kweli kweli, kama aliyeongezewa miaka.

"Umeupanga," Baridi akasema, wala hakuuliza.

"Anamtumia mwanangu. Nisaidie, mzee wangu."

"Unadhani mimi nilimsogezea kwa kupenda? Nilikataa mwanzoni. Nilipokataa, akatafuta mwingine wa kumwambia. Akamwambia mke wangu."

"Yuko wapi shemeji, niongee naye?"

 Baridi alitazama viganja vyake, kisha akatazama upande ilipo hospitali.

"Msikilize wewe," akanong'ona. "Kaa kiti chake. Mwambie akwambie wewe. Huenda akamwachia mtoto. Mimi kwangu nilichelewa."

Fyuzi akarudi. Akamwinua Chiriku kwenye kile kiti, akamkabidhi kwa mama yake, akafunga mlango. Mkewe alibaki upande wa pili, sikio ukutani, na haya ni maneno yake mwenyewe. Alimsikia mumewe akisema, "Mwache mtoto. Niambie mimi." Kimya. Akamsikia tena, "Nimekubali." Halafu akasikia kete ikisogezwa. Halafu nyingine. Na nyingine. Mtu mmoja akicheza pande zote mbili, bila kupumzika.

Chiriku akapata joto. Akaomba uji. Mama yake akalia kwa furaha, akidhani yamekwisha. Aliyetoka chumbani, hata hivyo, hakuwa Fyuzi tuliyemjua. Hakugomba. Hakucheka. Ukimuuliza jambo, anainamisha kichwa kwanza.

"Usiende mashindanoni," mkewe alimsihi.

"Karani anajua kumaliza mchezo," akasema. "Kila mwaka amenimaliza. Labda yeye ataweza."

Hilo ndilo tumaini pekee alilokuwa amebakiwa nalo, afungwe na yule aliyemchukia kuliko wote.

Siku ilipofika tulijaa ukumbini. Fyuzi alicheza kama mashine. Alipita mzunguko baada ya mzunguko, na waliocheza naye walikuwa wanatoka wakijisugua mikono. Mmoja alimwomba mwenzake koti, na nje jua lilikuwa linapasua mawe. Tukawa tunashangilia. Hatukujua tunashangilia nini.

Fainali, Fyuzi na karani. Mkewe alikuwa amesimama nyuma na Chiriku mkononi. Mchezo ulianza kama michezo mingine. Kisha, taratibu, mkewe akaona kete zinavyojipanga. Hakuwa anajua chesi, ila bao lile alikuwa ameishi nalo mezani. Ngome ile pale. Askari wale watatu. Farasi mweusi pembeni. Mchezo ule ule.

Karani naye alikuwa ameona jambo. Mfalme wa Fyuzi alikuwa wazi kabisa. Hatua moja tu na mchezo umekwisha. Akatabasamu, akaweka tai yake sawa.

Fyuzi akainama mezani. "Nimalize," akanong'ona. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Ndugu yangu, nakuomba. Nimalize."

Karani akainua mkono juu ya malkia wake. Mkono ukasimama hewani. Tabasamu likamtoka.

Akainamisha kichwa.

Akatulia.

Kisha akaacha malkia, akashika farasi, akamrudisha nyuma.

Mimi niliyekaa mbali nilisikia Fyuzi akitoa sauti. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama pumzi inayotoka kwenye kitu kilichofungwa siku nyingi. Akalaza shavu lake juu ya bao, kete zikamwagika, na hakuinuka tena.

Daktari aliyekuwepo ukumbini alimshika shingo, akashtuka, akatuuliza kama tuna uhakika huyu mtu alikuwa anacheza sasa hivi. Mwili ulikuwa umeshakauka. Alisema mtu wa namna ile hakufa leo.

Karani hakuulizwa chochote. Alipangilia kete ndani ya boksi, akalibeba, akaenda kwake. Tai aliisahau mezani. Kazini hajaonekana tena, na dirisha la nyumba yake halifunguliwi. Anayepita karibu husikia kete zikisogea.

Mochwari kulikuwa na mhudumu mpya. Mke wa Fyuzi ndiye aliyekwenda na wazee kumchukua mumewe. Wakati wa kumvalisha, aliona pale mhudumu alipofunga kamba yenye namba kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, kama wanavyowafunga wote. Kamba ilikuwa imekazwa mno, imeacha mfereji mwembamba uliozunguka kidole. Akaifungua mwenyewe. Tukazika, tukalia, tukatawanyika.

Jioni moja, msiba ukiwa umeshapoa na Chiriku ameanza tena kuimba imba, mama yake alikuwa anamwogesha kwenye beseni. Akamsugua mgongo, akamsugua magoti, akashika mguu wa kulia.

Kidole gumba kilikuwa na mfereji mwembamba, umekizunguka chote.

Akausugua kwa sabuni. Akausugua kwa jiwe. Mtoto hakulia, kwa sababu kidole kile, alisema, hakisikii kitu.