Mkaguzi Aliyezibwa Mdomo

Kila Jumamosi asubuhi, Kitinda akishaosha vyombo na kupiga deki, alikwenda chuoni kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa mtafiti wa lugha za kompyuta. Watu wa mtaani hawakuielewa kazi hiyo, wakawa wanamletea redio mbovu.

"Mimi sitengenezi redio," aliwaambia akicheka. "Natunga lugha ya kuiagizia kompyuta kazi. Ukikosea, unaambiwa kabla hujaleta maafa."

Katika lugha yake, kila kitu kilitajwa aina yake. Kilo ni kilo, miaka ni miaka. Ukivichanganya, sehemu ya programu iitwayo mkaguzi inagoma: unatokea mstari mwekundu, na kazi haiendelei mpaka urekebishe.

Mwezi ule Shangazi alimkaribisha pia binti wa jirani, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Hapo ndipo Kitinda alipoanza kuona gere. Chiriku akiuliza swali, Shangazi anacheka. Chiriku akaandika programu ya kumsaidia nesi wa zahanati kukadiria dawa ya homa kwa uzito wa mtoto, Shangazi akawaita wenzake waje kuona.

"Huyu ana kichwa," alisema mzee wa maabara. "Ni mwanao?"

"Angekuwa wangu ningeringa mtaa mzima."

Kitinda, aliyekuwa wake wa damu, alikuwa palepale. Hakuna aliyegeuza shingo kumtazama.

Siku nesi alipotarajiwa kuja kuijaribu programu, Chiriku alitoka kwenda kunywa maji. Shangazi alikuwa chumba cha pili. Kitinda akaisogelea kompyuta ya mwenzake. Palipokuwa na uzito, akaweka umri. Mkaguzi akagoma papo hapo: *Hapa panatakiwa kilo. Umeleta miaka.*

Angeweza kurudisha mambo yakaishia hapo. Badala yake akafuta "kilo", akafuta "miaka", akaandika "namba" kila mahali. Namba na namba hazina ugomvi. Mstari mwekundu ukatoweka, naye akarudi kukaa, ametulia kama maji ya mtungini.

Nesi alikuja na kadi za zamani, alinganishe majibu ya programu na dozi alizokwisha kutoa. Mtoto wa kwanza: kilo kumi na mbili, miaka mitatu. Chiriku akabonyeza.

Nesi akavua miwani, akaivaa tena. "Robo ya kijiko? Mwanangu, hii haishushi homa hata ya paka."

Kadi ya pili, mambo yaleyale. Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa neno, alibabaika. "Jana ilikuwa sawa, Shangazi. Haki ya Mungu."

"Tusilaumiane," Nesi alisema, akikusanya kadi zake. "Nitabaki na karatasi yangu. Hizi ni roho za watoto."

Kitinda aliingoja saa hii tangu asubuhi. Mbona basi haikuwa tamu?

"Nesi, subiri," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Nimebadilisha. Mkaguzi alinikataza, nikamziba mdomo."

Chiriku akamgeukia. "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Shangazi anacheka na wewe tu. Mimi hata hanioni."

Shangazi hakufoka. "Rudisha kama ulivyokuta," alisema. Kitinda akarudisha, kilo mahali pake, miaka mahali pake, Chiriku akimchungulia begani. Nesi akaketi tena. Kijiko kimoja kamili. Kadi zote tisa zikakubali, naye akasema ataichukua programu.

"Kukusahau nilikosa, mwanangu, na hilo nitalirekebisha," Shangazi alisema. "Lakini nisikilize. Mwenzangu mmoja alithibitisha jambo nililolitafuta miaka mitatu. Nilimwonea wivu, wiki nzima sikumpa salamu. Nilipoacha kununa nikasoma kazi yake, ndiyo iliyonifungulia yangu. Wivu haubishi hodi, humwingia yeyote. Ila ukisikia ndani yako kitu kinakwambia hapa unakosea, usikizibe mdomo. Ukikiziba, anaumia mtoto usiyemjua hata jina."

"Na mimi je?" Chiriku akadakia, sauti imeanza kurudi. "Mimi nimeumia na mnanijua."

Kitinda akainama. "Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Ila Jumamosi ijayo, nikienda kunywa maji, tunakwenda wote."